Sababu za Vita Nilikuwa Natunga Mimi

Mimi ni mstaafu. Msicheke. Nina miaka thelathini na mbili, meno yote yapo, na wengi wenu hamna wajibu wa kuniamkia shikamoo, ingawa nikipewa siikatai. Nimestaafu kazi ya kutafsiri muvi kwenye banda la video, Chamwino hapa Morogoro. Mafao yangu ni kikohozi na jina la DJ Kashata. Nikipita sokoni mpaka leo wauza vitunguu wananiitia kwa mbali, na mimi napunga mkono kama mbunge.

Nawaandikia nyie wadogo zangu mnaochukua video za vita za watu, mnaziwekea sauti zenu kwenye simu, "sasa hapa jamaa anamwambia mwenzake, leo hatoki mtu." Nimewasikia. Mna vipaji kuliko mimi. Ndiyo maana naogopa.

Tuanze na ufundi, maana ya aibu yatakuja yenyewe, hayana haja ya kuitwa.

Mimi nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa, nikauza karanga, nikachoka. Aliyenipa kazi ni Kaka Mbwana, mtafsiri wa zamani pale bandani, ambaye sigara zilishamla sauti ikabaki kama mlango usiotiwa mafuta. Alinichukua kwa sababu moja tu: nilikuwa na mdomo. Siku ya kwanza akanikalisha mbele ya deki, akanipa maiki.

"Sikiliza, dogo. Hutafsiri maneno. Unatafsiri sura. Anayetoka jasho ana hatia. Anayeongea kirefu anapanga mpango. Anayeongea kifupi huku ananyoosha kidole, hiyo amri. Mwanamke akisimama dirishani, anasema usiende. Umeelewa?"

"Nimeelewa kaka. Sasa na Kiingereza? Mimi Kiingereza changu ni gudi moningi."

Akanitazama kwa huruma. "Nani kakuambia mimi najua?"

Miaka yote ile, jamani! Tulikuwa tunalipa kiingilio, tunakaa kwenye benchi tumetulia kama tupo msikitini, na mtu mwenyewe hajui hata neno.

Basi nikajifunza. Usinywe cha baridi kabla ya kazi, kunywa tangawizi. Mkono wa kushoto ukae kwenye kitufe cha sauti: bunduki zikilia pandisha, midomo ikicheza shusha, uingie wewe. Ukikosa la kusema, kohoa, au tukana mkwe wa mtu. Na kila mtu mpe jina la hapa hapa. Kamanda wa Kizungu mwenye shingo nene mimi nilimwita Mkude, akiingia tu banda zima linapiga makofi, "Mluguru huyo! Kashuka mlimani!"

Nilikosea sana. Kuna muvi moja niliona daktari anatoka jasho, nikakumbuka somo la Kaka Mbwana, nikamfanya muuaji. Saa nzima nikawaambia watu anampa mgonjwa sumu kidogo kidogo arithi nyumba. Mwisho mgonjwa akapona, akamkumbatia daktari, wakalia wote wawili. Mzee mmoja akageuka nyuma akaniuliza, "Kashata, sumu vipi?" Nikasema kwenye maiki, "Ndugu watazamaji, sumu ilikuwa imeisha muda wake." Walicheka mpaka benchi likavunjika. Nikajua hapo kwamba watu hawadai ukweli, wanadai usikwame.

Hilo ndilo lililoniharibu.

Sasa muvi zilizojaza banda zilikuwa za vita. Siyo vita zote. Hizi za magaidi. Zote zina mwendo mmoja: mjini kwa watu kunalipuka, watu wanakimbia na vumbi kichwani, rais anapiga meza, ndege zinaruka, halafu tunafika nchi ya mbali yenye mawe na mbuzi. Huko ndiko shughuli. Mimi nikishafika huko nakuwa kama nimepandwa na mashetani.

Lakini kabla ya ndege kuruka huwa kuna kikao. Wanakaa wanaume na suti zao, meza ndefu kama ya harusi, wanaongea dakika kumi. Hapo ndipo wanapoamua waende au wasiende. Na mimi sijui wanasema nini! Kwa hiyo sababu za vita nilikuwa natunga mimi. Rais nilimsemea, "Wametugusa sisi watoto wa simba. Tutawafuata mpaka jikoni kwao." Makofi. Nani asipige makofi?

Kwenye mojawapo ya vikao hivyo kulikuwa na mzee mmoja mwenye miwani, muvi naikumbuka mpaka kesho. Aliongea kirefu kuliko wote. Hakupiga meza. Alikuwa anahesabu kwa vidole, kimoja, kingine, kingine, halafu akavua miwani, akainuka, akatoka, mlango akaubamiza. Mimi nikamsemea, "Mheshimiwa, ndege ziko tayari, ila mimi tumbo limenishika, nakwenda chooni." Banda likaanguka kwa kicheko. Niliitumia hiyo mara tatu kwa wiki.

Leo nikilala nawaza, yule mzee alikuwa anahesabu nini?

Na kule kwenye nchi ya mawe, baada ya ndege kupita, mara nyingi anatokea mwanamke, amejifunika, kakaa mbele ya nyumba iliyobomoka. Anaongea, analia, anaongea. Haipigwi bunduki hapo, hachekeshi mtu. Mnajua mimi nilikuwa nafanyaje? Nilikuwa nakunywa maji. Kila mwanamke wa namna hiyo, mimi naweka maiki chini nakunywa maji. Nilikuwa nawasubiri kabisa, koo likikauka najisemea, vumilia Kashata, mama wa kulia anakuja.

Nimeandika hilo kwa mkono wangu, na mke wangu akisoma ataniuliza maswali.

Mteja wangu mkubwa wa muvi hizo alikuwa Hamza. Kijana wa Kinole, huko mlimani, alikuwa anashusha ndizi mjini na mama yake siku za soko. Mama akishauza, yeye anakimbilia bandani, benchi la mbele, miguu imenyooka kama ya kwake nyumbani. Maneno yangu alikuwa anayajua kwa moyo. Nikianza, "Tutawafuata," yeye anamalizia, "mpaka jikoni kwao!" Akaingia jeshini. Siku moja akaja kuniaga, saa tisa alasiri, nimetoka kufungua banda.

"Kashata, naenda."

"Wapi, Dumila kununua nyanya?"

"Acha masihara bwana. Ng'ambo ya mto Ruvuma, nchi ya jirani. Kuna watu wanachoma vijiji kule, wanachinja watu kama kuku. Tunapelekwa."

"We nenda. Staringi hafi."

Akacheka, tukagonga mikono. Nyie mnajua msemo huo wa bandani, aliye staringi hapigwi risasi, anabaki mpaka mwisho wa muvi. Ndiyo neno la mwisho nililompa mtoto wa watu.

Gari lao lilikanyaga bomu barabarani. Wakamleta Kinole, wakampigia risasi za heshima, mbuzi wote wakakimbia kijijini. Mimi sikwenda kuzika. Nilisema nina kazi.

Baada ya arobaini, mama yake akaja bandani. Mchana, watu wamekaa wanangoja muvi. Kavaa khanga za msiba bado, mkononi kashika simu ya Hamza iliyorudishwa pamoja na vitu vyake. Akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye Kashata? Hamza alikuwa anasema wewe lugha zote zinakutii."

Mbele ya watu arobaini, ningesema nini?

Akanipa simu. Ndani mna video. Hamza kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na nguo zake za jeshi, pembeni ya bibi mmoja mzee. Nyuma yao ukuta mweusi wa moto, paa hakuna. Hamza anampa pakiti ya biskuti. Bibi anaishika, haifungui. Anaanza kuongea, taratibu, lugha siijui mimi, wala mama Hamza, wala yeyote pale. Anajigusa kifua mara ya kwanza, anajigusa mara ya pili. Halafu anaweka mkono kwenye goti la Hamza anauacha hapo hapo. Hamza anatazama chini. Basi, inakatika.

"Alinitajia video hii kwa simu siku chache kabla," mama akasema. "Akasema, kuna mwenzangu kanitafsiria, nikirudi nitakueleza alichoniambia huyu bibi. Hakurudi. Niambie wewe, baba. Alikuwa anamwambia nini mwanangu?"

Nilitakiwa niseme sijui. Herufi tano. Nimepiga kelele miaka kumi na nne, nikashindwa kusema herufi tano.

Nikatafsiri sura. Mkono kwenye goti, nikaona hiyo shukrani. Nikaweka ile sauti yangu ya upole, ya kifo cha staringi. "Anasema, mjukuu wangu, mmetuokoa. Tulikuwa tumekufa mkatufufua. Mwambie mama yako aliyekuzaa, sisi huku tunamwombea, na kama anaye mwingine kama wewe, amlete."

Nawaapia, hiyo ya mwisho ilinitoka tu. Ilikaa vizuri mdomoni. Nyie mnaofanya kazi hii mnajua, kuna neno linakuja kwa sababu ya mlio wake.

Mama akalia, akanishika mikono yote miwili akaibusu. Banda zima likapiga makofi. Na mimi, mjinga, nikainama kidogo.

Yale maneno yakapanda mlimani. Mama Hamza aliyashika yote, akawaambia majirani, yakasemwa kwenye dua. Wateja kutoka Kinole wakanieleza wao wenyewe, wananipongeza. Halafu mmoja akaniambia, anatabasamu kabisa, "Na yule mdogo wake, Idi, naye anajaza fomu za jeshi. Anataka apelekwe kule kule. Mama alikuwa hataki hata kusikia, lakini kwa maneno ya yule bibi amemruhusu."

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mama na kaka zake wakisema hapana, hata baba akaongee redioni, haendi mtu. Kwa hiyo mlango pekee uliokuwa umemfungia Idi, niliufungua mimi, kwa sauti ya upole.

Nikajipa moyo. Nikasema huenda bibi alisema hayo hayo. Inawezekana, si ndiyo? Ile video nilikuwa nimejirushia kwenye simu yangu, ya kujisifia. Siku moja ninakula mihogo nje ya banda, akaja Fundi Nampoto, mwashi anayejenga huko Mzumbe. Mmakua wa Masasi, mtu mpole, hujenga ukuta bila kutukana, jambo sijaliona kwa fundi mwingine. Nikamwonyesha, nikamwekea na maneno yangu juu.

Akaacha kutafuna. "Nani kakuambia anasema hivyo?"

"Mimi mwenyewe."

"Unajua Kimakua?"

"Najua... sura."

"Rudisha mwanzo. Na wewe nyamaza."

Akaisikiliza mara mbili, sikio kwenye simu. Halafu akanitolea neno kwa neno, polepole, kama anapanga tofali:

"Anasema, nilikuwa na wawili. Wa kwanza, watu wa porini walimchinja kwa sababu alikataa kwenda nao. Wa pili akaogopa, akaenda nao. Juzi mmemuua nyie, pale mtoni. Siyo wewe, wewe uso wako bado mdogo, lakini umevaa nguo hizi hizi. Sasa hizi biskuti nitampa nani? Una mama? Rudi kwa mama yako kabla hajabaki kama mimi."

Nikaweka sahani ya mihogo chini.

"Kwa hiyo walikosea kwenda?" nikamuuliza. Nilitaka anipe jibu fupi nikalale.

"Sijasema hivyo. Dada yangu kaolewa upande ule. Alilala kwenye mikorosho wiki nzima na watoto, hawawashi moto wasionekane. Magari ya jeshi yalipofika ndiyo akapika ugali. Muulize yeye, atakuambia waje hata kesho, wakae mwaka, wamalize. Muulize huyu bibi, atakuambia uliyoyasikia. Huenda ni majirani."

"Sasa nani yuko sahihi?"

"Mimi fundi ujenzi, Kashata. Ila usichukue maneno ya dada yangu ukampa huyu."

Nyie mtaniuliza, DJ mstaafu, vita za namna ile ni halali? Kumfuata gaidi mpaka nchi ya watu, kutumia watoto wa watu na mali ya nchi? Mimi niliyekuwa nalijibu swali hilo kila siku saa kumi jioni kwa makofi, leo sina jibu la kunyoosha. Mtu anayechinja watu lazima azuiwe, na dada yake Nampoto ana haki ya kupika ugali. Lakini nimeona pia kwamba anayeruhusu vita mara nyingi haambiwi bei, na anayetoa mtoto ndiye anaambiwa maneno matamu kuliko wote. Kuna watu wakubwa wanaofanya hiyo kazi ya maneno matamu, wana suti na meza ndefu. Mimi nilikuwa naifanya kwa maiki ya kufungwa na gundi ya karatasi. Sidhani kama tofauti ni kubwa.

Nilikaa siku nne na ule ukweli. Siku nne, na Idi anajaza fomu! Kila asubuhi nikawa na sababu. Mvua. Pancha. Spika imeharibika. Siku ya tano nikapanda bodaboda mpaka Kinole, kufika kwenye mteremko mkali nikamwambia dereva niache hapa, nitatembea. Siyo kwamba pikipiki ilishindwa. Mimi nilitaka nichelewe.

Mama Hamza alikuwa uani anachuna magome ya mdalasini, Idi anamsaidia. Kijana kafanana na kaka yake mpaka miguu ilivyonyooka. Bahasha ya fomu iko juu ya kinu, imewekewa jiwe isipeperuke.

"Karibu, karibu! Idi, mletee kigoda. Huyu ndiye aliyetupa maneno ya kaka yako."

Nikasema shikamoo. Nikakataa kigoda. Nikasema, "Mama, mimi Kimakua sikijui. Sikijui Kiingereza, sikijui lugha yoyote ila hii. Yale maneno nilitunga."

Akadhani ni utani, akacheka kidogo. Nina sura ya utani, ndiyo adhabu yangu. Nikarudia. Kicheko kikamtoka usoni taratibu.

Idi akainuka na kisu chake cha kuchunia. "Wivu huo! Umesikia nakwenda, unataka kuniharibia. Na mbona siku zote ulikuwa unatuambia tuwafuate mpaka jikoni kwao?"

"Nilitunga na hiyo."

"Idi, kaa," mama akasema. Akanitazama. "Alisema nini, basi?"

Nikamwambia. Nilikuwa nimeyashika yote kwa Nampoto. Nilijaribu kuyasema bila sauti yoyote, siyo ya upole, siyo ya staringi, na kumbe sina sauti nyingine. Ilitoka kama ya Kaka Mbwana, inakwaruza. Nilipofika kwenye biskuti nikakwama, na safari hii sikukohoa wala kutukana mkwe wa mtu. Nilikwama tu, mpaka nikaweza kuendelea.

Mama Hamza alikuwa ameshika gome la mdalasini, analikunja na kulikunjua.

"Kumbe naye alikuwa na wawili," akasema.

Jogoo wa jirani akawika.

"Na mimi kila Ijumaa namwombea dua. Nasema, Mungu mpe afya yule bibi aliyemshukuru mwanangu." Akafuta uso na ncha ya khanga. "Wewe mtoto, una mama?"

"Ninaye. Yuko Matombo."

"Angekuja mtu akamfanyia hivi?"

Hakungoja nijibu. Akamgeukia Idi.

"Mimi nilikuruhusu kwa maneno ya huyu bwana. Hayo maneno sasa hayapo. Chukua bahasha yako pale. Haya, niombe upya."

Idi akaiendea bahasha, akaondoa lile jiwe, akasimama mbele ya mama yake. Akafungua mdomo. Akafunga. Akaanza, "Mama, kwa sababu..." akaishia hapo. Halafu akanigeukia mimi, macho yananisihi, anangoja nimsemee.

Maneno ninayo, jamani. Yalikuja kumi kwa mara moja, ya kumpeleka na ya kumbakisha, yote matamu. Nikatazama chini, nikaokota gome moja la mdalasini, nikaanza kulichuna, na nikalichuna vibaya.

"Nakusikiliza, baba," mama akamwambia mwanawe. "Sema wewe."